Nimepima DNA kumetokea mtu tunachangia karibu robo nzima, baba hayupo wa kumuuliza, nifanyeje?

Mjukuu_Mdadisi:

Habari zenu wapendwa. Naomba mnivumilie itakuwa ndefu, nina wiki tatu silali vizuri na hapa ndo mahali pekee naweza kusema bila mtu kunijua.

Mwaka jana nilianza kuandika mti wa familia yetu. Sikuwa na lengo kubwa, nilitaka tu wanangu wajue wametoka wapi, nikakusanya vyeti, nikapiga picha makaburi, nikamrekodi bibi mzaa baba kwenye simu, bado yupo ana miaka 79 na kumbukumbu zake zinanishinda hata mimi. Alafu binamu yangu mtoto wa shangazi akanishawishi tupime DNA sote wawili, kila mtu akatema mate kwenye kichupa chake tukatuma maabara. Matokeo yaliporudi nilitegemea kumkuta binamu juu kabisa kwenye orodha. Yupo, lakini ni wa pili! Wa kwanza ni mtu simjui kabisa, jina lake ni herufi mbili tu, hana picha, hajaweka umri, imeandikwa mwanamke, na tunachangia sentimogani 1,741 (ndo kipimo cha DNA ambayo watu wawili wanachangia). Saiti inasema ndugu wa karibu, ukibonyeza ndani inakuletea pendekezo la kwanza "dada wa mzazi mmoja". Na kwenye orodha ya wanaotuunganisha mimi na yeye, binamu naye yumo, kwa hiyo ni upande wa baba, hapo hakuna ubishi.

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Mimi ndo nilimuuguza mpaka mwisho. Sasa kila nikipita mbele ya picha yake najikuta naanza kupiga hesabu za safari zake za kikazi nilipokuwa mtoto, ile aliyokaa miezi sita, ile aliyorudi kakonda, nauliza kumbe ulikuwa huko? Nimemkasirikia mtu ambaye hawezi kunijibu, na hilo ndo linaniumiza kuliko hata huyo dada mwenyewe. Ukoo wetu haukuwa na mambo haya, au ndo hivyo nilivyoaminishwa.

Mama yuko hai, ana presha. Nimwambie? Nimwandikie huyo dada? Au nifute akaunti nijifanye sijaona? Hata binamu sijamwambia maana naona aibu, na yeye matokeo yake sidhani kama ameyafungua vizuri.

Kromosomu_X:

Pole sana dada. Ila kabla hujafuta kitu na kabla hujamwambia mama naomba utulie, maana naona marehemu ameshahukumiwa na ushahidi wenyewe haujatimia.

Hiyo 1,741 haisemi "dada". Inasema mnachangia kama robo ya DNA, na robo wanakaa watu wengi sana: ndugu wa baba mmoja au wa mama mmoja, shangazi, mjomba, baba mdogo wa damu kamili, bibi, babu, mpwa, mjukuu. Wote hao wastani wao unazungukia 1,750. Kwa kulinganisha tu, mzazi na mtoto wanafika 3,400 na zaidi, binamu wa kwanza wastani wake ni 860 na kitu. Saiti imekuandikia dada kwa sababu inabahatisha, yenyewe haijui huyo mtu ana miaka mingapi. Na wewe hujui!!

Kuna njia mbili za kupata jibu bila kumuuliza mtu yeyote swali la kumuumiza.

Ya kwanza ni binamu yako. Mwambie afungue matokeo yake asome namba anayochangia na huyo mwanamke, basi. Ikija 800 au 900 hivi ujue kwake ni binamu, kwa hiyo kwako inawezekana kweli ni mtoto wa baba yako. Lakini ikija karibu 1,700 kama yako, huyo hawezi kuwa dada yako, maana mtoto wa baba yako hawezi kuwa robo kwa mtoto wa shangazi yako. Hapo atakuwa amekaa sawasawa kwenu wote wawili, na mtu wa aina hiyo ni yule aliyezaliwa pamoja na baba yako na shangazi yako.

Ya pili ni kromosomu X, sehemu mojawapo ya DNA, kama saiti yenu inaionesha. Baba ana X moja tu na kila binti anampa hiyohiyo nzima, haikatwi wala haichanganywi na kitu. Kwa hiyo mabinti wawili wa baba mmoja X yao lazima ilingane kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ukikuta imelingana vipandevipande, baba yako hahusiki.

Akaunti usifute. Ukifuta na wewe unapotea kwenye orodha yake, na kama alikuwa ameshakuona, atasoma hapo kwamba amekataliwa.

Bi_Nyaraka:

Naungana na hapo juu, na naongeza la makaratasi maana mimi huko ndo nimezeekea.

Hili la "ukoo wetu haukuwa na mambo haya" kila mtu huanza nalo mwanangu. Mwaka 2012 kule Leicester Uingereza walichimbua mifupa chini ya maegesho ya magari, ikaja kuthibitika ni ya mfalme Richard III aliyeuawa vitani 1485. Walichopima kwanza ni DNA inayopita kwa akina mama, wakailinganisha na watu wawili walio hai wa kizazi cha dada yake, ikakubali. Lakini ile ya kiume, inayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, waliwapima wanaume watano ambao vitabu vya nasaba vinasema ni wa ukoo wake wa kiume, na hakuna hata mmoja aliyelingana naye. Tena mmoja kati ya hao watano hakulingana hata na wenzake wanne. Huo ni ukoo ambao kila kizazi kilikuwa na waandishi wake, na bado kuna mahali baba aliyeandikwa siye aliyezaa. Sembuse sisi ambao mambo yetu yameandikwa na karani mwenye haraka.

Langu mimi halikuwa la DNA. Mjomba wangu vyeti vyake vyote vilisema kazaliwa mwaka fulani, na mama yangu, mdogo wake wa kumfuata, alikuwa anasisitiza mpaka anakasirika kwamba wamepishana mwaka mmoja na nusu tu, wakati vyeti vinasema minne. Nikawa namwona mama ndo amesahau. Nilipokwenda kusoma daftari la ubatizo kwa macho yangu, siyo nakala aliyoandika mtu mwingine, nikakuta watoto wawili wenye jina moja, baba mmoja, mama mmoja, wamepishana miaka miwili na nusu. Nikaenda kwenye daftari la vifo, yule wa kwanza alikufa kabla hajatimiza mwaka. Aliyefuata akapewa jina lake, na ilipofika wakati wa kuandikishwa shule wakachukua cheti kilichokuwepo ndani. Mjomba kaishi miaka sabini na ushee kwa tarehe ya kaka yake. Mama alikuwa sahihi muda wote, tena nilimwonesha, akanyamaza, akasema "kwa hiyo nilikuwa na kaka mwingine".

Kwa hiyo kabla hujamgusa mama yako kwa neno lolote, rudi kwenye ile rekodi ya bibi. Isikilize upya yote, usisome ulichoandika, sikiliza sauti yenyewe. Tukiandika huwa tunasahihisha wazee bila kujijua, hasa kwenye hesabu. Na angalia sana maneno, maana Kiswahili chetu kinakunja ukoo, mtu akisema baba anaweza kumaanisha baba mkubwa, kaka anaweza kuwa binamu, dada wa bibi naye ni bibi. Mimi nikimhoji mzee siandiki "alikuwa dada yake", nauliza kazaliwa na nani na wamenyonya ziwa moja au la.

Salama_Moyoni:

Mi ntaenda tofauti kidogo. Kama mtu alificha jambo maisha yake yote alikuwa na sababu, na hizo sababu wengine tunazijua. Kwetu mtu mmoja alileta habari za namna hii kwenye kikao cha familia, akasema anataka ukweli, mpaka leo ndugu wawili hawasalimiani na aliyeumia zaidi ni mama mzee ambaye hakuwa na kosa lolote. Mama yako ana presha, bibi ana miaka 79. Nani atafaidika? Kaa nalo dada, muombee baba yako, endelea na maisha.

Kichupa_Nambari_Mbili:

@Salama_Moyoni nakuheshimu na kikao cha familia kwa kweli siyo mahali pake, hapo uko sahihi. Lakini umeuliza nani atafaidika, naomba nijibu maana mimi ndo yule wa upande wa pili wa orodha.

Nililelewa na watu walionipenda, sina malalamiko nao hata kidogo, nikaambiwa nikiwa na miaka 38 kwamba waliniasili. Nikatafuta cheti cha mwanzo, kisha nikapima DNA. Mtu asiyepitia hawezi kujua unavyofungua ile saiti kila asubuhi, usingizi bado machoni, kuangalia kama kuna jina jipya. Nikampata mtu tunayechangia DNA asilimia 12, nikamwandikia meseji ndefu mno nikaweka kila kitu humo, machungu yote, akanifungia. Mwaka na nusu baadaye akanifungulia, akasema alishtuka, hakuwa na ubaya. Ila kwa huo mwaka na nusu mama aliyenizaa alifariki. Tulikuwa tunapumua hewa moja na hakuna aliyemwambia kwamba niko hai.

Sisemi hivyo kukutisha dada. Nasema huyo mwenye herufi mbili hakutema mate kwenye kichupa kwa bahati mbaya. Haiwezekani iwe ni yeye tu anayetakiwa kukaa kimya ili wengine wawe na amani. Nchi nyingine wameliona hili muda mrefu, England na Wales sheria ya 1975 ilimpa mtu aliyeasiliwa haki ya kuomba cheti chake cha kwanza akifika miaka 18, hata kama mzazi aliyemtoa aliamini hakitafunguliwa milele.

Ukiamua kumwandikia, iwe fupi. Salamu, kwamba umeona mnachangia DNA nyingi, kwamba uko tayari kuzungumza kwa kasi yake, na swali moja tu: amezaliwa mwaka gani. Usimwite dada, usitaje majina ya walio hai, usimtaje mama yako wala bibi. Akijibu baada ya mwezi usihesabu kwamba hakutaki.

Kromosomu_X:

Hiyo meseji ilivyoelezwa hapo juu ni sahihi kabisa. Nyongeza ndogo, wewe na binamu yako mpakue data yenu mbichi ya DNA muihifadhi kwenu, kampuni hizi zinabadilika, 23andMe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Machi 2025 na watu wakaanza kukimbizana kufuta na kupakua kwa wakati mmoja.

Mjukuu_Mdadisi (siku tano baadaye):

Nimerudi, mikono inatetemeka hata kuandika.

Nilimpigia binamu nikamwambia fungua matokeo yako usiniulize kitu, nisomee namba. Kasoma 1,688!! Nikamwambia rudia, karudia. Na X nimeiangalia, vipande vitatu tu, katikati pote pametupu.

Kwa hiyo siyo mtoto wa baba. Nimelia sana, wiki tatu nilikuwa namsema vibaya baba yangu moyoni na hakufanya lolote.

Alafu nikaisikiliza rekodi ya bibi kama Bi_Nyaraka ulivyosema. Dakika ya 41 namuuliza "bibi umezaa watoto wangapi", anasema "nimezaa mara tano". Mimi kwenye daftari nimeandika wanne! Nakumbuka kabisa siku ile niliona amekosea kuhesabu, nikamtajia mwenyewe mmoja mmoja, baba, shangazi, baba mdogo wawili, nikamwambia wanne bibi. Kwenye rekodi kuna kimya kama sekunde sita hivi, alafu anasema "haya, andika wanne". Sikukisikia kile kimya. Nilikuwepo palepale na sikukisikia.

Bi_Nyaraka:

Oh mwanangu.

Tazama cheti cha ndoa cha babu na bibi kama unacho. Kwa hiyo robo kamili kwako na kwa binamu, baba yake na mama yake huyo ni babu na bibi wote wawili, angekuwa wa bibi peke yake namba zingeshuka nusu, mngekuwa kwenye mia nane au tisa. Nadhani utakuta amezaliwa kabla ya ndoa. Mimi nimekutana na nyingi za hivyo, wazazi wa binti wanamwondoa mtoto haraka ili jambo lisionekane, kisha mwaka haujaisha wale wale wawili wanaoana, na hakuna anayethubutu kurudi kumchukua.

Sasa la kwenda kwa bibi. Nenda peke yako, wakati ambao hana wageni na hana haraka. Usiende na simu ina matokeo, usimwambie "nimegundua". Mwambie nilikukosea siku ile, ulisema watano nikaandika wanne, nataka kurekebisha daftari. Akisema acha, acha. Siri ni yake, hata kama wewe ndo umeikuta.

Salama_Moyoni:

Nimesoma mara mbili. Narudisha maneno yangu kwa hili la bibi, kama yeye mwenyewe alisema mara tano basi alikuwa anataka mtu aulize. Dada nakuombea.

Mjukuu_Mdadisi (wiki mbili baadaye):

Najua wengi mmenitumia meseji, samahani, sikuwa na maneno.

Yule mama mwenye herufi mbili alijibu siku ya tisa. Nilimwandikia mistari minne tu kama nilivyoelekezwa. Ana miaka 61, baba angekuwa na 59. Alijua tangu utoto kwamba ni wa kuasiliwa, alianza kutafuta baada ya aliyemlea kufariki, hakutaka kumuumiza akiwa hai. Anaandika vizuri sana, kwa utulivu, na mwisho wa ile meseji ya kwanza aliweka sentensi moja tu: "Kama yupo na hataki, niambie tu kwamba yupo."

Cheti cha ndoa nilikuwa nacho kumbe, kwenye bahasha niliyoiweka mwenyewe. Miezi kumi na moja baada ya yeye kuzaliwa.

Jumapili nikaenda kwa bibi. Nilisubiri shangazi atoke. Nikamwambia bibi nilikosea, ulisema mara tano na mimi nikaandika wanne, naomba unisamehe nataka kurekebisha. Akaniangalia muda mrefu, nikadhani ananikasirikia. Hakuuliza nimejuaje, hakuuliza nani kaniambia. Aliuliza "yuko hai?"

Nikamwambia yuko hai bibi. Akashika mkono wangu akaanza kueleza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayesimulia habari ya jana. Alikuwa na miaka 18. Alikaa na mtoto siku kumi na mbili. Babu alitaka kwenda kumtafuta walipooana, wakaambiwa mtoto ameshapata kwao na hawana haki ya kumsumbua, na babu hakulisema tena mpaka anakufa, ila kila mwaka siku ile alikuwa hatoki nyumbani, anakaa naye tu. Watoto walidhani baba yao huwa anaumwa siku hiyo. Jina alilompa siyo analotumia sasa, na yule mama hakuwahi kujua kwamba alikuwa na jina lingine kwa siku kumi na mbili.

Mama yangu nimemweleza baadaye kwa ruhusa ya bibi, presha haikupanda, amelia kidogo alafu akauliza anafanana na nani. Shangazi na baba wadogo bibi amesema atawaambia mwenyewe, mmoja mmoja, kwa hiyo hapo sijaingia.

Nilitaka kumwonesha bibi picha, akakataa. Amesema anataka sauti kwanza. Simu ni kesho saa kumi jioni, na tangu asubuhi ameshaniuliza mara tatu kama chaji inatosha.